Nilisamehe Nimelala Majanini

Maneno haya niliyasema baada ya sala ya alasiri katika ukumbi wa skuli, hapa Wete, mbele ya masheha, madereva, vijana wa honda na wazee wa wanafunzi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikapunguza pale tu nilipojirudia.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, askari wetu wa usalama barabarani, madereva wa gari za abiria na za mizigo, vijana wa honda, na nyinyi kina mama mliojibana huku nyuma ilhali viti vya mbele ni vitupu: karibuni mbele, nitasubiri.

Ahsanteni. Wanaoitwa kuzungumza habari za barabara aghlabu huzungumzia namna ya kuepuka ajali: mwendo, kofia ngumu, taa, kutompakia mtoto mbele ya honda. Hayo yana wenyewe na watayasema. Mimi nimeomba nizungumzie siku ya pili yake. Umeshagongwa, kosa si lako, na Mungu amekubakisha. Unafanya nini? Hapo ndipo nilipokosea mimi, na nilivyokosea ndivyo nilivyoona wengi wetu Pemba tukikosea, kwa nia njema kabisa.

Wengi wenu mnanijua. Nimesomesha hesabu miaka 29. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, msimu wa karafuu, nilikuwa narudi kutoka Chake kwa njia ya zamani, ile yenye makona, nimepanda honda yangu. Mvua ilinyesha mchana ikakatika, jua likarudi, na pembezoni mwa barabara watu walikuwa wameshaanza kutandaza tena majamvi yao ya karafuu. Mnaijua harufu ile. Mpaka leo ikinipiga puani bila ya kuitegemea, mguu wangu wa kushoto hukaza wenyewe.

Pikapu ikatoka njia ya ndani, upande wa kushoto kwangu, na haikusimama. Sikuwahi hata kupiga honi. Ilinipiga ubavuni, mguu ukabanwa baina ya chuma na chuma, na kitu cha pili ninachokikumbuka ni kuwa nimelala majanini ng'ambo ya barabara, natazama jani la mgomba lililochanika na mbingu nyuma yake.

Dereva akaja mbio. Kabla hajafika nilishamjua. Nilimsomesha kidato cha pili. Alikuwa mzuri wa hesabu za sehemu, jometri ikimshinda. Akapiga magoti, analia. "Mwalimu nisamehe. Wallahi sikukuona. Mwalimu nisamehe." Nami, nimelala vile, sijui kama mguu ninao au sinao, nikamwambia: "Nimekusamehe, mwanangu. Ni kadari ya Mungu."

Watu waliotuzunguka wakashusha pumzi. Nikasikia mmoja akisema, "Alhamdulillahi, yamekwisha."

Jamani, yalikuwa hayajaanza.

Naomba niwaambie yaliyofanywa katika dakika kumi zile, na yote yalifanywa na watu wema. Watu wanne walinibeba, wawili kwapani na wawili miguuni, wakaniingiza gari nyengine. Bibi mmoja akanipa maji ninywe. Kijana akaiinua honda yangu akaiegemeza kwenye mwembe, isije ikagongwa tena. Pikapu ikasogezwa, daladala zipite. Kijana mwengine akapiga picha. Na trafiki hakuitwa, kwa sababu mwalimu ameshasamehe, kwa nini tumtie mtoto wa watu mikononi mwa polisi?

Katika yote hayo sioni baya la makusudi hata moja. Lakini kila moja lilikuja kunigharimu, na jengine lingeweza kunimaliza.

Nianze na mwili. Mtu aliyegongwa hainuliwi kama gunia la karafuu. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika shingoni au kiunoni, yule anayekunyanyua kwapani anaweza kukupoozesha miguu maisha yako yote ilhali anakuombea dua. Kama hakuna moto, na gari nyengine hazimwendei, mwache alale alivyo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisitikisike, na kama amevaa kofia ngumu msimvue. Damu ikitoka kwa nguvu, kamata kitambaa safi, kanga, kanzu, chochote, kandamiza palepale na usiachie achie kwenda kutazama kama imesita. Maji ya kunywa msimpe. Huenda akahitaji kupasuliwa, na tumbo lenye maji linaleta shida akitiwa usingizi. Ikibidi kumbeba kwa sababu hakuna gari ya wagonjwa, na huku kwetu mara nyingi ndivyo inavyokuwa, tafuteni ubao au mlango, mumlaze bapa, watu wengi mumwinue kwa pamoja kwa neno moja.

Halafu kichwa. Daktari alinieleza jambo ambalo nililipeleka nyumbani nikamsomea kila mtu. Mtu anaweza kupigwa kichwa, akazimia kidogo, akaamka, akazungumza, akacheka, akanywa chai, mkasema kapona, kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Baada ya saa chache anaanza kusinzia, anatapika, anasema maneno yasiyoeleweka, kichwa kinamuuma kila akikaa kinazidi. Huyo hacheleweshwi hata dakika. Msimwambie "mwache alale apumzike". Usiku wa kwanza mtu akae naye, amwamshe, amuulize jina lake na leo siku gani. Tumbo ni vilevile: bandama inaweza kuvuja kidogo kidogo, mtu anajiona mzima mpaka kesho.

Mimi sikupelekwa hospitali. Nilipelekwa nyumbani, maana nilikuwa nazungumza. Na usiku ule nikaletewa mzee anayechua. Simlaumu, Mungu amhifadhi, mkono wake umewapa nafuu wengi waliotegulika. Lakini mvunjiko hauchuliwi. Alinichua kwa mafuta ya nazi usiku wa kwanza na wa pili, nami natafuna mto nisipige kelele watoto wakasikia. Siku ya tatu mguu ulikuwa umejaa kama mnazi, na ngozi inang'ara. Ndipo mke wangu, bila ya kuniuliza, akaenda kukodi gari. Picha ikapigwa, na mundi ulikuwa umevunjika, na vipande viwili vilikuwa vimeshapishana. Daktari aliniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unangoja nini?" Hospitali ipo hapa Wete, ipo Chake, ipo Abdalla Mzee kule Mkoani. Sikuwa na cha kumjibu.

Plasta miezi mitatu kasoro. Na magongo. Na hapo ndipo gharama zilipoanza kuingia, moja moja, kama mchwa.

Jamaa wa kijana walikuja siku ya pili, wazee kwa vijana, kwa adabu zote. Walileta mchele, sukari, unga, na bahasha ya shilingi 100,000. Wakasoma dua. Nikapokea, nikashukuru. Mwezi ulipokwisha nikamtuma ndugu yangu awaambie kwamba mguu umevunjika na mambo yamekuwa makubwa. Wakamjibu kwa upole, na jibu lile sijalisahau: "Lakini mwalimu si alishasamehe?"

Sikukasirika. Nilikaa nikafikiri. Walikuwa na haki ya kuuliza, maana kweli nilisema. Lakini nilisamehe nini? Nilisema "nimekusamehe" nikiwa sijui nimevunjika au nimechubuka. Sikujua nitalala wiki ngapi. Niligawa kitu ambacho nilikuwa bado sijakiona ukubwa wake, na nilikigawa si changu peke yangu: kilikuwa cha mke wangu aliyeacha biashara yake ya maandazi akawa ananibeba chooni, na cha wanangu.

Hapa pana neno ambalo nimelisikia tangu mdogo: kumpeleka mtu polisi ni uadui, na kudai ni kutoridhika na kadari. Mimi ni Muislamu, nimesoma chuo cha Qur-ani kama nyinyi, na nilipokuwa kitandani nilirudi kusoma. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani haikuteremka kwa ajili ya vita wala jihadi. Ni ya 282 katika Suratul Baqara, na ni aya ya kuandikiana deni. Inatuambia tuandike, tusichoke kuandika, liwe dogo liwe kubwa, tuweke mashahidi, na mashahidi wakiitwa wasikatae. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 92, mtu akiuawa kwa makosa, si kwa kusudi, imewekwa diya kwa jamaa zake, kisha ndipo ikasemwa: isipokuwa wao wenyewe wasamehe. Tazameni mpango wake. Haki imetajwa kwanza, ikapewa mwenyewe mkononi, kisha yeye ndiye akaachiwa mlango wa kusamehe. Sisi barabarani tunaanza na mlango, haki hatujaitaja.

Basi nikamwambia mwanangu aniletee daftari. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maumivu nayo ni hivyo hivyo. Nimekuja nalo, hili hapa, daftari la skuli la kawaida, jalada lake lina doa la mafuta ya kuchulia. Niliandika kila kitu kwa tarehe. Gari za kukodi na nauli za kwenda kliniki na kurudi, jumla 214,000. Dawa nilizoandikiwa nikanunua nje, 96,500. Magongo 45,000. Fundi wa honda, uma wa mbele, rimu, taa na tangi, 387,000. Mtu wa kusimamia karafuu zangu zichumwe, maana mwenyewe sipandi hata ngazi ya barazani, 120,000. Na darasa langu la jioni la watoto wa kidato cha nne, ambalo halikuwapo miezi mitatu, 480,000. Jumlisheni wenyewe, nimewasomesha: shilingi 1,342,500.

Usiku wa kutolala sikuuandikia bei. Niliuandika tu: tarehe fulani, sikulala.

Vijana, kama hamtachukua kitu chengine leo, chukueni hili la daftari. Siku ileile, au siku ya pili ukiweza kushika kalamu, andika ulichokiona kabla watu hawajakusimulia. Ulikuwa unatoka wapi, upande gani, gari ile ilitoka wapi, mvua au jua, yule dereva alisema nini. Kumbukumbu ni kama karafuu mbichi, ikikaa kwenye kapu bila ya kuanikwa inaharibika. Baada ya wiki mbili nilikuwa tayari nimeshawasikia watu wanne wakisimulia ajali yangu, na nikajikuta nasimulia na mimi mambo ambayo hakika sikuyaona.

Nije kwenye polisi, na namuona afande pale ameinua kichwa. Sheria yetu inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, asaidie, ajitaje jina lake na la mwenye gari, na jambo lifikishwe polisi. Askari akifika anapima, anachora ramani ya tukio, anaandika majina ya walioona. Ramani ile ndiyo kauli ya barabara yenyewe. Mimi honda yangu ilikuwa chini ya mwembe na pikapu imeshasogezwa, basi barabara ikanyamaza. Kama lazima gari zisogezwe kwa sababu ya njia, tia simu kazini kwanza: piga picha gari zote mbili zilivyosimama, namba zake, alama za breki kwenye lami, ile njia ya ndani ilipotokea, kibandiko cha bima, leseni ya dereva. Omba namba za simu za watu wawili walioona. Dakika tatu zinatosha.

Simu hiyo hiyo, nawaombeni, isimpige picha majeruhi na kumtupa kwenye makundi ya WhatsApp. Picha yangu nimelala majanini ilivuka bahari ikafika kwa shemeji yangu Unguja, yeye ndiye aliyempigia mke wangu kumpa pole, naye mke wangu alikuwa jikoni hajui lolote. Alidhani nimekufa. Aliliangusha sufuria la mchuzi likamuunguza mguu. Na hilo nimeliandika daftarini.

Polisi ndiko inakotoka PF3, ile fomu anayoijaza daktari kueleza umeumia nini. Mtu akiwa katika hatari apelekwe hospitali moja kwa moja, na mwengine aifuate fomu. Roho haingojei karatasi. Lakini karatasi isisahauliwe. Weka nakala yako, na nakala ya picha za mifupa, na kila risiti. Na mfahamu jambo moja linalowachanganya wengi: kesi ya dereva aliyeendesha kwa uzembe ni ya serikali, na faini akitozwa inakwenda serikalini, wewe hupati hata thumni. Madai ya kulipwa hasara na maumivu yako ni njia nyengine, kwa bima ya gari ile, au kwa dereva na mwenye gari, na mkishindwana, mahkamani. Kesi ya kwanza kwisha haina maana kwamba umelipwa. Na madai yana muda wake, ukikaa sana yanakufa.

Sasa lile la bima, ambalo ndilo lililonileta hapa.

Baada ya miezi mitatu jamaa wa kijana walikuja tena. Walikuwa wameuza ng'ombe. Nasema ng'ombe, na kwao alikuwa mmoja tu wa maziwa. Wakaja na shilingi 700,000, na safari hii tajiri wa gari alikuja nao, kwa heshima. Tumekaa barazani, kahawa imepita mara moja, tajiri akasema katika mazungumzo tu kwamba gari yake haijawahi kumtia hasara, hata bima yake iko hai mpaka mwezi wa pili.

Tukanyamaza sote. Baba wa kijana alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini bila ya kunywa.

Bima ilikuwapo siku zote. Bima ndogo, ile ambayo kila gari inatakiwa iwe nayo, haikukatwa kwa ajili ya tajiri wala pikapu yake. Inakatwa kwa ajili ya mtu wa nje anayeumizwa na gari ile. Ilikatwa kwa ajili yangu mimi, kabla hata hatujajuana. Na imelala pale miezi mitatu, huku wazee hawa wanauza ng'ombe wa watoto. Kumbe kijana alimwogopa tajiri wake, akamwambia taa imevunjika kwa jiwe. Na mimi kwa msamaha wangu wa haraka nikamsaidia kuficha.

Nilikwenda kwenye kampuni ile ya bima. Waliniuliza ripoti ya polisi iko wapi, PF3 iko wapi, na mbona taarifa imekuja leo. Sikuwa na jibu hata moja. Sikulipwa. Mnaniona nasema bila ya hasira, maana maswali yale yangejibika kwa nusu saa ya siku ile ile. Kwa hivyo, ndugu zangu madereva, anayemwita trafiki hakutendei uadui. Mara nyingi anamwokoa ng'ombe wa baba yako. Na wewe uliyegongwa, siku hizi bima ya gari haifichiki: mamlaka ya bima, TIRA, ina mfumo wake mtandaoni, unaandika namba ya gari na unaona kama ina bima, ya kampuni gani, mpaka lini. Ipelekee kampuni ile taarifa kwa maandishi mapema, na wakugongee muhuri nakala yako. Wakikuzungusha, mamlaka hiyo inapokea malalamiko, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Jambo moja la kuwa macho nalo. Watu wa bima wakikubali kulipa, wataleta karatasi utie saini kwamba umepokea na huna dai jengine. Usiitie kabla daktari hajakwambia umepona, au kabla hujajua ulemavu utakaobaki nao. Karatasi ile ni ule ule msamaha wangu wa majanini, umepigwa chapa tu.

Na kama gari haina bima, au mmeamua kwa hiari yenu kuyamaliza kwa sulhu, hilo ni jambo jema na mimi silikatazi. Lakini liwe la kuandikwa, mbele ya sheha, na mashahidi wa pande zote mbili: kiasi gani, tarehe gani, na matibabu yakiendelea baada ya hapo nani anayabeba. Sheha hawezi kuifunga kesi ya polisi, lakini karatasi yake imewazuilia watu wengi wasinuniane misibani.

Kidogo juu ya hofu, kwa sababu hii hatuizungumzi, khasa sisi wanaume. Mguu uliunga. Magongo nikayaweka. Lakini honda ilikaa uani miezi mitano siigusi. Nikisikia gari inapunguza gia nyuma yangu, natoka jasho. Usiku naota jani la mgomba. Watu wakasema pale mahali pana kitu, niaguliwe kwa mganga. Nimesomewa dua, na dua nimefarijika nayo. Lakini nilipata nafuu zaidi pale daktari aliponiambia kwamba hili lina jina, linawapata watu wengi baada ya ajali, na likipita mwezi mzima bila ya kulegea lina watu wanaolitibu kwa mazungumzo. Nikaenda. Nilianza kupita pale kwa miguu, kisha nyuma ya honda ya mwanangu, kisha mwenyewe. Msimcheke mtu aliyeacha kupanda honda baada ya ajali. Na msimsahau aliyegonga. Mwanafunzi wangu aliacha kuswali msikitini kwetu, akawa anakwenda wa mbali, asikutane na magongo yangu.

Siku ile ya ng'ombe, baada ya wazee kuondoka, nilimwita abaki. Nikamfungulia daftari, nikamtaka ajumlishe mwenyewe. Akajumlisha kwa sauti, mstari kwa mstari, kama zamani ubaoni. Nikamwambia toa 100,000, toa 700,000. Ikabaki 542,500. Nikamwambia: "Hizi ndizo ninazokusamehe." Akainama, akalia, lakini safari hii alilia kama mtu anayetua mzigo. Na mimi, wallahi, kifua changu kilikuwa chepesi. Siku ya kwanza nilisema neno tu. Siku hii nilitoa shilingi 542,500, nazijua moja moja.

Limebaki moja na nakaa.

Mwanzoni nilisema pembezoni mwa barabara kulikuwa na majamvi ya karafuu. Miezi ilipopita nilipita pale kwa miguu, nikamkuta bibi mmoja anageuza karafuu zake kwa mkono. Akanitazama mguu. "Wewe ndiye wa honda." Alikuwepo. Aliona kila kitu: pikapu ilivyotoka, kwamba haikusimama wala kupunguza, mimi nilikuwa upande wangu. Alikuwa shahidi mzuri kuliko wote, na katika wanaume wote waliosimama pale siku ile wakizungumza kwa pamoja, hakuna aliyemuuliza. Akaniambia na jengine, kwa sauti ya chini kama anaona haya kulisema. Jamvi lake lilikanyagwa na wale waliokuja kunibeba, karafuu zikaingia tope na mchanga, akazipepeta siku mbili na bado zilizoharibika zilikuwa kama pishi tatu. Hakumwambia mtu. Alisema, "Mtu kavunjika mguu, mimi nizungumze karafuu?"

Nilimrudia mwanafunzi wangu, tukaenda wawili.

Daftari litapita mikononi mwenu sasa, lisomeni, na mkipenda lipigeni picha. Mwandiko wote ni wangu, isipokuwa mstari wa mwisho kabisa, ukurasa wa nyuma. Ule ni wake yeye: Karafuu za bibi, pishi tatu, zimelipwa.